Kabla Eda Haijaisha

Mwanamume aliyempa Shadia talaka alisimamisha gari nje ya nyumba ya kaka wa Shadia, mtaani Bigwa, Jumamosi asubuhi. Akashuka, akagonga geti polepole kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Shadia alikuwa ameketi sebuleni, kibegi kiko miguuni. Mlio wa ile Suzuki aliutambua tangu ilipokata kona, na moyo wake ukafanya jambo ambalo hakulitegemea. Uliruka. Akaukasirikia. Mwanamke aliyeachwa hapaswi kurukwa na moyo kwa ajili ya gari la aliyemwacha.

"Bado hujachelewa kubadili mawazo," alisema Hashimu, kaka yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. "Nikamwambie unaumwa kichwa?"

"Nimeshaahidi, kaka."

"Umemwahidi nani? Mtu akuache bila kosa, halafu aje akupakie kwenye gari kama furushi, nawe ukubali?"

Shadia alifungua zipu ya kibegi, akaifunga tena. Majidi alikuwa amempigia simu katikati ya wiki. Jina lake kamili lilikuwa Abdulmajid, lakini hakuna aliyewahi kulimaliza. Alimwomba wapande wote mlimani, Kinole, kwa mama yake. Mama hajui bado, alisema. Siwezi kumwambia kwa simu, na nikienda peke yangu atadhani nimekufukuza.

"Kwani hukunifukuza?" Shadia alimuuliza.

Kisha Majidi akasema, "Nisindikize, Shadia. Tukilala Jumamosi, Jumapili nakurudisha." Naye, bila kujua kwa nini, akasema sawa.

Hilo ndilo lililomchanganya tangu mwanzo. Wapo wanaume wanaoacha kwa ngumi, na wapo wanaoacha kwa matusi. Majidi alimwacha kwa upole. Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, akala, akaosha sahani yake mwenyewe, akakaa mbele ya mkewe na kumwambia, "Shadia, nimekupa talaka moja. Nisamehe." Hapakuwa na ugomvi kabla ya hapo. Akambebea mizigo mpaka kwa kaka yake. Na tangu siku hiyo hajaacha kuleta matumizi, nyama, sabuni. Hata tangi la maji la Hashimu lilipovuja, yeye ndiye aliyepanda juu kuliziba. Hashimu alizunguka mji mzima wa Morogoro kutafuta mwanamke mwingine aliyefichwa nyuma ya jambo hili. Hakumpata.

"Nisikilize," Hashimu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Eda yako haijaisha. Unajua maana yake. Akitamka tu huko mlimani kwamba amekurejea, umekuwa mkewe. Haulizwi mtu."

"Najua."

"Na kuna mtu ameniulizia habari zako. Kwa mbali, kwa heshima zote. Nimemwambia asubiri eda iishe."

Shadia akainua uso. "Umemwambia asubiri?"

"Ulitaka nimwambieje? Mimi si ndiye kaka yako?"

Geti likagongwa tena. Hashimu akaenda kufungua.

"Shikamoo, kaka," alisema Majidi.

"Marahaba." Neno lilitoka kama jiwe. "Kesho alasiri nataka kumwona hapa. Na mlale mbalimbali."

Majidi akainamisha macho. "Mama ana kitanda kikubwa. Shadia hulala naye kila tukienda."

Hulala. Kila tukienda. Alisema kana kwamba hakuna kilichobadilika, na Shadia akachukua kibegi chake haraka ili asimwone usoni.

Walipita Kiroka bila kuzungumza. Wauza ndizi walikuwa wameshapanga mikungu pembeni ya barabara. Baadaye kidogo wakaiacha njia kuu, gari likaanza kupanda kwenye udongo mwekundu uliokuwa umelowa. Kila kona waliyoikata mji ulizidi kushuka chini yao, na milima ikazidi kuwasogelea, migomba imeshikilia miteremko kama watu wanaoogopa kuanguka. Maji yalitiririka kwenye mawe upande wa kulia. Ukungu ulikuja, ukafunika bonde, ukaondoka.

"Kiyoyozi kimeharibika," alisema Majidi. "Ukisikia joto fungua kioo."

"Nasikia baridi."

"Basi funga."

Walikuwa wameoana karibu miaka mitatu na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao. Shadia aliutazama mkono wake kwenye usukani. Aliujua mkono ule. Aliujua unavyoshika kisu, unavyopapasa gizani kutafuta miwani. Akageuza uso dirishani.

Mbele kidogo lori la ndizi lilikuwa limekwama limeziba njia, tairi la nyuma limezama kwenye tope. Watu walikuwa wakikata matawi na kuyatupia chini yake. Majidi akazima gari, akashuka kusukuma pamoja nao, kisha dereva alipoomba wapumzike akarudi, suruali imejaa tope mpaka magotini. Shadia alikuwa amesimama ukingoni akitazama bonde.

"Majidi, kosa langu ni lipi?"

"Huna kosa."

"Una mwanamke?"

"Sina."

"Unaumwa? Kuna jambo hospitali wamekwambia unanificha?"

"Mimi mzima, Shadia."

"Mtu haachwi bure. Nauza dawa kule Msamvu, kila siku nasikia habari za watu. Wanaachwa kwa sababu ya uzazi, kwa sababu ya mawifi, kwa sababu ya chumvi kuzidi. Mimi nitawaambia nini? Kwamba niliachwa na mume akaniomba msamaha?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka na kikapu cha mananasi kichwani alisimama kuwatazama.

"We kaka, mkeo anatetemeka. Mpe hilo koti."

Majidi akavua koti, akamvisha Shadia mabegani. Hakuna aliyemsahihisha yule mama. Koti lilikuwa na joto lake bado, na harufu yake, na Shadia akalishika kifuani kwa mikono miwili huku akijiuliza analishika au anataka kulitupa.

"Nitakwambia," alisema Majidi. "Lakini si hapa, mbele ya watu."

Lori liliponasuka walifika Kinole, na Bi Chausiku, mama yake Majidi, akawapokea akiwa na unga mikononi. Alimkumbatia Shadia kwanza, kama kawaida yake, akimchanganyia Kiswahili na Kiluguru kwa haraka ya furaha hata Shadia akashindwa kushika la kujibu. Nyumba yake ilikuwa chini ya mikarafuu, katika shamba alilolirithi kwa mama yake, kama huyo naye alivyolirithi kwa mama yake. Magome ya mdalasini yalikuwa yameanikwa kwenye turubai mbele ya mlango. Alikuwa amepika ndizi na kuku, na hakutaka kusikia neno lolote mpaka wamalize kula.

Walikula. Majidi hakumaliza sahani yake.

"Mama, nina jambo," alisema. "Mimi na Shadia hatupo pamoja. Nilimpa talaka. Yuko kwa kaka yake, anakaa eda."

Bi Chausiku alibaki na tonge mkononi. Alimtazama mwanawe, akamtazama Shadia.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Sijui, mama," alisema Shadia. Machozi aliyoyazuia tangu Bigwa yakamjaa. "Wallahi sijui."

"Na wewe Majidi, kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Hajakufanya kitu." Mama akalirudisha tonge kwenye sahani. "Basi mwenye wazimu ni nani hapa? Au ni mimi?"

Akasimama, akanawa, akatoka nje kuwafukuza kuku waliokuwa wamevamia mdalasini wake, na wakamsikia akiwagombeza kuku kwa maneno ambayo kuku hawakustahili. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umekaza.

"Eda haijaisha, si ndivyo? Vizuri. Mrejee. Sasa hivi, nikisikia mimi mwenyewe. Sema, tunywe chai."

Hili ndilo alilokuwa akiliogopa Shadia njia nzima. Neno moja, na atalala mke wa mtu bila kuulizwa. Alitazama midomo ya Majidi.

"Hapana, mama," alisema Majidi.

"Nimekuzaa mimi, nakwambia mrejee."

"Siwezi, mama. Nisamehe. Hilo siwezi."

Shadia alihisi kama amepigwa kofi. Dakika moja kabla, alikuwa akimwomba Mungu Majidi asiliseme lile neno. Sasa hakulisema, na ilikuwa kana kwamba ameachwa mara ya pili, safari hii mbele ya shahidi. Alinyanyuka, akakusanya vyombo, akaenda navyo nyuma ya nyumba. Akavisugua kwa majivu mpaka vidole vikamuuma. Alikuwa anataka nini hasa? Kama hakutaka kurejewa, machozi haya ni ya nini? Na kama alitaka, ile hofu ilikuwa ya nini?

Asubuhi ya Jumapili ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Shadia alimkuta Majidi shambani, juu ya ngazi, akimchumia mama yake karafuu. Hakumsalimu.

"Shuka uniambie."

Majidi akashuka. Akaweka kikapu chini, akaketi kwenye jiwe, akavuta pumzi.

"Siku ile ya mvua kubwa, umeme ulipokatika, nilirudi mapema. Ulikuwa unaongea na Rehema kwenye simu. Nilifika mlangoni, sikugonga."

Rehema alikuwa rafiki yake tangu shule. Shadia akaikumbuka ile simu mara moja.

"Ulimwambia, Majidi ni mtu mwema, sina la kumlaumu," aliendelea Majidi, taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokariri bila kupenda. "Ukasema, lakini sikumchagua mimi, alichaguliwa na Hashimu. Ukasema, sijui kama ningeachiwa hiari ningemchagua. Nimemzoea tu. Ndivyo ulivyosema."

Shadia alitaka kusema kwamba Majidi alisikia vibaya, au kwamba ilikuwa mizaha ya wanawake. Lakini haikuwa mizaha.

"Nilisema kweli," alisema.

"Najua. Ungekuwa unanisengenya ningekasirika, yangeisha. Lakini uliongea kama mtu aliyechoka kubeba mzigo wa mwenzake. Nikalala na hayo maneno wiki nzima. Nikaona, nikikufungulia mlango, utapata hiyo hiari."

"Ukanifungulia mlango kama kuku."

"Shadia—"

"Kama kuku, Majidi. Hao hawaulizwi pia. Kaka alinichagulia ndoa, wewe ukanichagulia talaka. Tofauti yenu iko wapi? Kwamba wewe uliomba msamaha?"

Majidi alimtazama kana kwamba amemwonyesha kitu ambacho kimekuwa mbele yake siku zote.

"Ungeniuliza," alisema Shadia. "Ungekaa pale pale ulipokaa kuniacha, ukaniuliza, mke wangu, nimesikia hivi na hivi, ni kweli? Tungelia wote."

"Niliogopa jibu."

"Basi ulijiokoa wewe. Usiseme uliniokoa mimi."

Karafuu zilinukia kwenye unyevu. Chini bondeni watu walishaanza kushuka na mizigo ya sokoni, sauti zao zikipanda kupitia ukungu bila miili. Majidi alikuwa akisugua viganja vyake magotini.

"Nilikuja kununua dawa ya kikohozi dukani kwako," alisema ghafla. "Mara nyingi. Sikuwa na kikohozi."

"Nini?"

"Kabla ya kuoana. Ulikuwa unaniuliza, kikavu au chenye makohozi? Nikawa nabadilisha ili nisisahauliwe. Kabati langu lilijaa chupa. Mwisho nikaenda kwa Hashimu."

Shadia alimtazama. Alikumbuka, kwa mbali, kijana fulani mwenye miwani aliyekohoa vibaya, kikohozi cha kujilazimisha. Hakuwahi kumlinganisha na mume aliyeletewa.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilidhani adabu ni kuanzia kwa kaka."

Shadia alicheka, kisha akagundua kuwa analia. Akaketi kwenye jiwe jingine, si karibu naye, si mbali.

"Nikutajie la kwangu? Jioni nikifunga duka miguu inaelekea nyumbani kwetu. Kwako. Mpaka nifike kwenye njia panda ndiyo nakumbuka. Jana niliposikia gari lako, moyo uliruka. Mama aliposema unirejee, niliogopa. Ulipokataa, nikaumia. Sasa niambie, Majidi, hayo ni mapenzi au ni mazoea? Maana mimi sijui. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuyatofautisha."

"Na mimi sijui," alisema Majidi. "Kwangu yalikuwa yote pamoja."

Bi Chausiku aliwajazia gari mananasi, ndizi na mdalasini mpaka kiti cha nyuma kikafunikwa. Hakuwauliza walichozungumza. Alimshika Shadia mkono dirishani kwa muda mrefu.

"Sijui nikuage kama mkwe wangu au kama nani."

"Niage kama Shadia, mama."

Mama akatikisa kichwa, hakuridhika. "Mimi sijui haya mambo yenu. Mimi nilipoolewa niliambiwa utaolewa kesho, na kesho ikafika." Akampapasa shavu. "Nenda mwanangu. Na wewe, endesha taratibu."

Walishuka mlima wakiwa kimya, lakini kimya hiki hakikufanana na cha jana. Jua lilikuwa limeukata ukungu, na mabonde yalikuwa wazi yote, mashamba juu ya mashamba, paa za bati ziking'aa huku na kule. Shadia alitazama uzuri ule na hakuweza kuufurahia, wala kuukataa.

Walipokaribia Bigwa, Majidi akasimamisha gari kando ya barabara.

"Kabla hatujafika kwa kaka," alisema. "Jana sikutaka kusema mbele ya mama kwa sababu ungekuwa huna pa kukimbilia. Sasa tuko wawili. Ukitaka nikurejee, nitasema hapa hapa. Usipotaka, sitasema."

Ilikuwa rahisi mno. Angeitikia kwa kichwa tu, na jioni hii angekuwa jikoni kwake, na sufuria zake, na kitanda chake, na miwani ya Majidi juu ya meza. Shadia aliuhisi mwili wake wote ukiinamia upande ule. Midomo ya Majidi ilikuwa tayari.

"Usiseme," alisema Shadia.

Majidi akafumba macho. Akashika ufunguo ili awashe gari.

"Sijamaliza. Nikikubali sasa, neno ni lako, mimi nimelipokea tu. Nitarudi nyumbani, na siku moja mvua itanyesha, nitamwambia Rehema yale yale. Acha eda iishe."

"Ikiisha nimekupoteza."

"Huenda. Eda ikiisha mimi si mke wa mtu. Nitakuwa mwanamke anayeweza kuposwa. Njoo unipose. Mimi, si Hashimu. Ukae mbele yangu, uniulize kama mtu asiyejua jibu."

"Na kweli silijui."

"Hata mimi."

"Ukikataa?"

"Utakuwa umekataliwa na mimi. Tutaoana upya au tutaachana upya, lakini safari hii nitakuwepo."

Majidi alionekana kama mtu aliyepewa kitu asichojua ni zawadi au ni adhabu.

"Naogopa, Shadia."

"Na mimi naogopa. Endesha, kaka anasubiri."

Hashimu alikuwa getini kweli. Hakumwangalia Majidi, alimwangalia dada yake kama mtu anayekagua mzigo ulioharibika njiani.

"Amekurejea?"

"Hajanirejea."

"Alhamdulillahi. Basi wiki ijayo nitaongea na yule mtu, tuanze kujipanga taratibu."

"Usiongee naye, kaka."

"Kwa nini? Si umesema hajakurejea?"

"Akitaka jibu, aje mwenyewe eda ikishaisha. Nitamjibu mimi."

Hashimu alimgeukia Majidi, aliyekuwa akishusha mananasi na kuyapanga ukutani. "Wewe umemlisha nini mdogo wangu huko juu?"

"Sijamlisha kitu, kaka," alisema Majidi. Akapangusa mikono, akamuaga kwa heshima, akamtazama Shadia mara moja tu, kwa muda mrefu, bila kuficha. Kisha akaingia kwenye gari na kuondoka.

Ndugu wawili walibaki getini. Hashimu alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea Shadia, na hakuna siku aliyomfanyia jambo bila kudhani anamfanyia wema.

"Sasa nieleze nielewe," alisema. "Yule unamtaka, au humtaki?"

"Sijui, kaka."

"Hujui. Mtu mzima. Na utajua lini?"

Shadia aliinama, akabeba mananasi mengi kadiri mikono ilivyoweza, akaelekea ndani.

"Siku nitakayoulizwa mimi," alisema.